Mkono wa Kadibodi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kuuma na lile jicho la kulia limeacha kutoa machozi. Ile dawa niliyokuachia juu ya kabati usizidishe, maana nakujua, ukiambiwa matone mawili wewe unatia manne ili upone haraka. Mimi mwilini mzima. Mengine nitayasema mwenyewe humu, wala sitayasema kwa upole.

Nimekupigia simu siku sita mfululizo. Inaita mpaka inachoka. Jana ikapokewa, nikasikia cherehani inakwenda, halafu ikakatwa. Ala! Kwani mimi ni mwanao au ni mtu aliyekosea namba? Basi nimekaa kuandika, kwa sababu barua haikatwi, na hata ukiichana utakuwa umeshasoma mistari miwili. Najua mke wangu yuko hapo kwako, mama mdogo kanipigia kuniambia, tena kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Nataka mambo mawili. La kwanza, uniombe radhi kwa ulichofanya kwenye sanduku langu. La pili, umwambie mkweo arudi nyumbani. Tamasha la vikaragosi ni Jumamosi, onyesho langu linataka mikono minne, na mimi nimezaliwa na miwili.

Labda siku ile sikueleza vizuri, ngoja nieleze tena. Ni onyesho dogo, dogo kabisa. Pazia lake si kubwa kuliko daftari mbili zilizolazwa pamoja. Nyuma yake taa, mbele yake mabenchi mawili, watazamaji wanane kwa zamu, dakika kumi na mbili, basi. Vikaragosi ni vya kadibodi, kila kimoja urefu wa kiganja, na watu hawavioni vyenyewe, wanaona vivuli vyake tu. Mama, nimeandika mabango ya watu miaka kumi na tano. Nimechora nywele za saluni, nimechora meno ya daktari wa meno, nimeandika usikojoe hapa kwenye kuta zaidi ya arobaini. Hii ni kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo hakuna mteja aliyesimama mgongoni kuniambia nizidishe rangi nyekundu. Walioomba kushiriki walikuwa zaidi ya sabini, tukachaguliwa kumi na mmoja. Mratibu wa tamasha, mwanamke asiyenyamaza hata anapokunywa chai, aliliangalia onyesho langu ofisini kwake akanyamaza. Baadaye akaniuliza hadithi hii nimeipata wapi. Nikamwambia nyumbani.

Ndiyo maana nilikuletea ulione kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumapili ile nilibeba sanduku la vikaragosi mapajani njia nzima, nikaziba dirisha la chumba chako cha kushonea, nikakuweka kwenye kiti chenye mto. Nikakuonyesha mwanamke kwenye cherehani yake. Nikakuonyesha mwanamume anaingia kutoka kazini, kofia kichwani, bega moja juu moja chini kama la baba, mkono unainuka. Nikakuonyesha asubuhi yake, mteja anapimwa kiuno, anauliza jicho limefanya nini, na mwanamke, futi ya kupimia ikiwa mdomoni, anajibu kwamba ni mlango. Nilidhani utalia. Nilidhani utanikumbatia, sioni haya kusema. Wewe ukaniuliza kama nimekula.

Nikaenda kuoga. Narudi, baba yuko mezani vipande kumi na kimoja. Nilivihesabu. Tena umemkata kwa mkasi wa kitambaa! Mkasi ambao mimi na dada tulichapwa kwa kuukatia karatasi ya daftari, mkasi unaolala kwenye mfuko wake kama mtoto mchanga, ukautia kwenye kadibodi ngumu bila hata kufumba jicho. Kazi ya miezi miwili. Ukasema mambo ya chumbani kwako si ya kuchezewa mbele ya watu waliokaa kwenye mabenchi. Ukasema sikukuomba ruhusa. Ukasema yeye kafa, amepumzika, wewe ndiye utakayefungua duka asubuhi na kuwapima viuno watu waliokwisha kuona.

Na mimi je? Mimi nilikuwa wapi miaka yote hiyo? Nilikuwa chini ya meza ya kukatia, kwenye vitambaa chakavu, nikihesabu miguu. Minne ilikuwa salama. Ikibaki miwili tu imesimama, mtu keshaanguka. Mambo hayo ni yangu pia, mama, na nilikwambia hivyo hivyo. Nakubali nilipiga kelele. Nakubali nilipiga meza na kopo la pini likamwagika. Lakini wewe nawe! Ukaondoka taratibu ukaenda kusimama nyuma ya cherehani, ukutani, mkasi mkononi, ukasubiri nimalize, utadhani mwizi kakuingilia. Hilo liliniuma kuliko kadibodi. Halafu ukamwambia mama mdogo nimekutukana. Sikukutukana. Mama mdogo naye kanipa somo la nusu saa, kasema nina kichwa kigumu tangu nikiwa tumboni, utadhani alikuwemo.

Haya, na huyo mkweo unayemkumbatia hapo, usidhani ni malaika. Nampenda, ila kazini ananitoa jasho. Tunapofanya mazoezi yeye ndiye anayekushika wewe, na mimi namshika baba. Kila siku ni kosa lile lile: anawahi. Mkono wa baba unatakiwa uinuke kwanza, watu wauone uko juu, ndipo wewe urudi nyuma. Yeye anakurudisha nyuma kabla mkono haujaondoka hata kiunoni. Nimemwambia mara mia. Nimemhesabia moja, mbili, tatu. Nimemwambia mtazamaji hawezi kuogopa mkono ambao hajauona. Anaitikia, anasema ameelewa, tunaanza upya, anawahi tena. Mtu ni muuguzi, anaweza kumtafuta mshipa mtoto anayelia akaupata mara moja, lakini kusubiri hesabu ya tatu hawezi!

Sasa nikueleze siku aliyoondoka, maana sijui yeye amekuelezaje. Kikaragosi cha kivuli hakina macho wala mdomo, kina ukingo tu, kwa hiyo kinataka uso wa pembeni. Picha za baba tulizonazo zote anatazama mbele kama yuko polisi. Cha kwanza nilikikata kwa kukumbuka, nikikosea na kurudia, na sasa muda huo sikuwa nao tena. Nikawaza, si kila mtu anasema nimechukua paji lake na pua yake? Basi Jumatano mchana nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha taa, nikabandika kadibodi ukutani, nikakaa kwenye stuli kiubavu ili kivuli changu kianguke pale. Nikamwomba yeye akifuatishe kwa penseli, halafu mimi ningekipunguza kwenye kadibodi nyingine. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Akachora paji, pua, kidevu, shingo. Tulikuwa tunacheka, mama. Alisema pua ya ukoo wetu inataka kadibodi yake peke yake.

Mkono huwa unakatwa peke yake, kisha unafungwa begani kwa uzi ili uweze kupanda na kushuka. Nikasimama nikamwambia sasa achore mkono, nikauinua.

Penseli ikaanguka. Nilipogeuka, alikuwa amejikunja sakafuni, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Sikuwa na hasira, nakuapia. Kicheko kilikuwa bado mdomoni. Nikabaki nimesimama na mkono juu, sijui niushushe haraka au polepole. Na unajua kitu cha kwanza nilichofanya? Nilimgombeza. Nikamwambia aache mchezo, taa inaunguza, tuna kazi. Yeye akainuka, akajipangusa magoti, akaokota penseli. Akasema alinisikia vizuri na alijua ni kuchora, ila mwili wake siku hizi hausubiri maelezo. Akaniambia niuinue tena. Nikauinua. Akauchora wote, bega, kiwiko, kiganja, mpaka vidole, mstari safi usio na mtetemo. Kisha akaenda chumbani kukunja nguo zake, na mimi nikakaa kuukata ule mkono. Nilidhani anapanga kabati.

Nimeacha kalamu hapa nikazunguka chumba mara tatu. Hebu niandike.

Nimempiga, mama. Mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka jana, pazia la sebuleni lilinidondokea nikilitundika mbele ya wageni na yeye akacheka pamoja nao. Mara ya pili ni jioni ile niliyotoka kwako na vipande mfukoni. Nilikuwa namweleza ulivyonionea, na yeye akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuomba ruhusa kabla ya kulitengeneza onyesho. Swali hilo tu. Kesho yake nikamsikia kwenye simu akiwaambia wenzake wa kazini ni mlango wa kabati la jikoni. Wauguzi, watu wanaofunga vidonda kutwa, wakamwambia pole. Unajua nilijisikiaje? Nilishukuru. Nikasema moyoni, huyu mke anajua kutunza mambo ya nyumba yake. Na huyo huyo ndiye niliyekuwa namhesabia moja, mbili, tatu, nikimuuliza kwa nini anawahi kurudi nyuma. Hakuwa anakosea, mama. Anayejua mkono hangoji ufike juu. Mimi nilikuwa chini ya meza, mimi niliona miguu tu.

Kikaragosi kipya kimekwisha. Nimekiweka kwenye taa leo asubuhi, peke yangu, nikakitazama kutoka upande wa watazamaji, ambako sikuwahi kukaa wakati wa mazoezi yote. Ni baba kabisa. Bega, pua, mkono. Na hakuna hata mstari mmoja wa baba mle ndani, kwa sababu yote imechorwa kutoka kwangu.

Nimempigia mratibu sasa hivi. Nimemwambia Jumamosi siji. Amekasirika, ana haki, ratiba imeshachapishwa na zamu yangu imewekwa baada ya chakula cha mchana, saa wanayoipenda wote. Ameniuliza kama ni ugonjwa. Nilitaka kusema ndiyo, ulimi ukawa tayari. Nimemwambia hadithi ile ina mwenyewe na mwenyewe amekataa. Akasema huyo mwenyewe siku akikubali, nimpigie. Sikukuandikia haya ili ukubali. Na usidhani nimekusamehe ule mkasi, bado nina hasira, nina hasira hapa ninapoandika, kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili. Ila sasa sijui tena nani anakasirika, mimi au baba, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilipoanza barua hii nilitaka umwambie arudi. Ulipokimbilia kwa bibi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Wazee walikaa wakakushauri, wakakwambia mwanamume amekuja, amekiri, amelia mbele ya watu, unataka nini zaidi. Tukarudishwa hata nguo zetu hazijakauka kwenye kamba. Mimi sitakuja hapo. Nikija, usinifungulie, hata nikikuita mama kwa sauti gani. Mama mdogo akianza kumshauri mkweo mambo ya kuvumilia, mwambie arudi kwake akavumilie mwenyewe. Nguo za mke wangu zilizobaki na viatu vyake vya kazini nitampa kaka yake avilete, na ufunguo pia, ili nyumba awe na uhuru wa kuingia nisipokuwepo. Nitatafuta pa kukaa. Lile sanduku sijalichoma wala kulichana, liko kitandani limefungwa, naye kaka yake atakuletea wewe. Fanya unavyotaka, mkasi unao.

Nisalimie dada akija, na majirani wote wa hapo dukani. Magoti uyakande kwa maji ya moto kila jioni, usifanye uvivu. Na mkweo msalimie sana. Mwambie niko salama, mwambie asiwe na haraka. Lakini usimwambie kwamba nimelia.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako