Uji Nisiouonja

Jumatatu, 3 Februari

Uji umetoka mapema leo. Unga wa wimbi ni safi, hauna mchanga. Nimejaza thamosi zote, nikasukuma mkokoteni kutoka mtaani kwetu Tena hadi Mowlem, kwenye mjengo. Vijana wa ujenzi walikunywa wamesimama, kama kawaida yao. Mmoja akaniambia, "Mathe, hii ya leo imeweza." Nikacheka. Kumbe huku chini nawaka moto.

Muwasho umerudi. Nilijua tangu jana kanisani, nilipokuwa nakalia upande mmoja wa benchi kama mtu mwenye jipu. Na ule uchafu mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda. Naona aibu hata kuandika. Lakini nisipoandika hapa nitamwambia nani?

Nimepitia duka la dawa, nikanunua zile kapsuli za rangi mbili. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Jioni nimejiosha kwa maji ya chumvi na dawa ya kuulia viini mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu, Baba Faith, amelala sebuleni tena. Anasema ni mgongo. Mgongo gani huo unaopona ukilalia kochi?

Alhamisi, 6 Februari

Kapsuli hazikusaidia. Zimezidisha. Nimeenda kliniki.

Nesi ni msichana mdogo, lakini haya hana hata kidogo. Aliniuliza yote, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya nyanya. Akanipima. Fangasi. Anasema fangasi hii huishi mwilini mwa wanawake wengi, kidogo tu, bila shida. Ikipata nafasi na chakula ndipo inapomea kupita kiasi. "Mama, si lazima uwe umeletewa na mtu," akasema. Maneno hayo nimeyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Kapsuli zile ndizo mbaya zaidi. Zinaua pia vile viini vizuri vinavyoizuia fangasi. Chumvi na dawa ya kuulia viini vilevile. Maji matupu, tena nje tu, basi. Halafu akanidunga kidole. Sukari iko juu. Bado haijawa ugonjwa, lakini njia ni hiyo. Na sukari ikipanda, fangasi inashiba.

Amenipa dawa ya kuweka ninapoenda kulala. Nipunguze sukari, soda, mkate mweupe. Nile mboga, maharagwe, maziwa lala, yale ya mgando, yasiyotiwa sukari. Nitembee. Nivae chupi za pamba, zikauke juani. Akauliza huwa naanika wapi. Nyuma ya mlango, wapi tena? Kila mwanamke wa ploti hii anaanika huko, kwenye unyevu na giza. Nesi akatikisa kichwa.

Jumapili, 9 Februari

Nimeanika chupi zangu juu ya paa, kwenye kamba ya wote, bila kuzifunika na leso. Moyo ulinidunda kama mwizi. Mama Halima, jirani yangu wa mlango wa pili, mwenye duka la vitambaa, alipanda na beseni lake akasimama akiangalia.

"Mama Faith, leo umepandisha bendera?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Sikumweleza sababu. Hakuuliza. Namshukuru kwa hilo.

Jumatano, 12 Februari

Chai bila sukari ni kama maji ya kusuuzia sufuria. Nimeinywa. Nimeacha mkate na mandazi kwa sababu ya hamira, nikala chapati nikidhani niko salama kwa kuwa chapati haina hamira. Nikampigia nesi. Akacheka. Kumbe shida si hamira ya mkate, ni unga mweupe na sukari. Basi chapati nayo kwaheri. Hiyo imeniuma.

Leo nimemwambia Baba Faith. Nilimpikia kwanza, nikangoja ashibe. Nikamwambia ni fangasi, nikamwambia alivyosema nesi. Alisikiliza akichokonoa meno. Kisha akasema, "Hata mimi naanza kuwashwa. Sasa hiyo nayo imetokana na sukari ya chai yangu?"

 Amechukua blanketi akaenda sebuleni. Nimeumia. Kwa miaka yote hii ya ndoa, hilo ndilo aliloliona la kuniambia.

Na nitaandika na hili, kwa kuwa ni kweli: mimi pia nimemshuku. Zamu za usiku pale kiwandani anakofanya kazi zimekuwa nyingi. Labda yeye ndiye aliyeniletea.

Jumapili, 16 Februari

Jumuiya yetu ya kanisa imekutana kwa Mama Kevo. Soda, keki, chai ya maziwa iliyoungwa sukari jikoni kabisa. Nikaomba maji.  Mmoja akaniminya tumbo akasema hongera. Mwingine akauliza kama nimehamia madhehebu mengine. Kukataa chai ya mwenye nyumba ni kama kumtemea mate. Mama Kevo hakuniaga.

Lakini muwasho umepungua. Nakaa kwenye benchi kama watu.

Jumanne, 25 Februari

Umerudi. Dawa iliisha wiki iliyopita, leo umerudi wote. Nimefanya kila kitu! Sukuma wiki, maharagwe, maziwa lala, pamba, jua, kutembea. Sukari sijaiweka kwenye kikombe changu tangu siku ile. Nimekaa chooni nikalia hadi watu wakagonga mlango.

Baba Faith ameniona nikijikuna nikidhani amelala.  Ameweka nguo zake kwenye mfuko wa shule wa zamani wa Faith, ameenda Makongeni kwa kaka yake Wafula, kwenye zile nyumba za reli. Faith yuko bweni, hajui lolote. Heri asijue.

Jumamosi, 1 Machi

Wafula ameniita Makongeni kwa kikao. Nimeenda. Nimevaa vizuri, nimesuka nywele, kama niendaye kuposwa.

Walikuwa Wafula, mkewe, na Baba Faith aliyekuwa akitazama viatu vyake. Wafula akasema mwanamume hatoki kitandani kwake bure. Akanitaka niseme ugonjwa huu nimeutoa wapi. Mbele ya shemeji! Niliyempikia, niliyemtilia maji ya kunawa. Ningeanzia wapi kumtajia sehemu zangu za siri?  Nikasema, "Ni mambo ya ngozi."

Mkewe akaguna. "Ngozi ya wapi, Mama Faith? Mwanamke aliyetulia kwake hawashwi."

Baba Faith alisikia. Hakumkanya. Wamenipa mpaka Pasaka niseme ukweli, la sivyo watawaita wazee kutoka nyumbani kijijini.

Nimerudi Tena kwa miguu. Nina hasira na mkewe Wafula, nina hasira zaidi na Baba Faith. Na aliyeninyamazisha ni mimi mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Mama Halima anapika futari ya nyumbani na nyingine ya kupeleka msikitini, sufuria kubwa uani, nami nimemmenyea viazi. Mikono ikishughulika, kichwa hupumzika.

Alitia chumvi kwa kiganja, akatia bizari, akakoroga, akafunika. Hakuonja. Sufuria ya watu wote wale, hakuonja! Nikamuuliza anajuaje. Akasema wengine huonja kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, wakihitaji. "Mimi sijiamini, dada. Nikionja, nitameza."

Nikaacha kumenya.

Mimi huonja kila sufuria ya uji. Naonja kabla ya ndimu, naonja baada ya ndimu, naonja sukari, naongeza, naonja tena. Kijana akisema ongeza sukari, namkorogea, naonja kwanza ndipo nampa. Si ncha ya ulimi. Upawa mzima kwenye kikombe changu cha bati, na ninakunywa chote, kwa sababu nani humwaga uji? Asubuhi yote, kila siku. Nesi aliponiuliza nakula nini nilimtajia vyote vya mezani. Uji sikuutaja. Uji si chakula changu, ni kazi yangu.

Nimemwambia Mama Halima kila kitu, pale pale, kisu mkononi. Hakushtuka. Akasema, "Basi kesho na wewe funga. Funga kuonja."

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima sukari kwa kikombe, ndimu kwa idadi, nikafunga mdomo. Mkono ulienda kwenye upawa wenyewe, nikauchapa. Nimefika Mowlem bila kujua nimebeba nini. Nilihisi kama mtu anayeuza akiwa amefumba macho.

"Mathe, leo ni kama umekosana na sukari," kijana mmoja akasema. Nikamwachia bakuli la sukari ajiongezee. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Wengine wakanywa tu.

Nimepiga simu kliniki. Nesi amekubali nirudie dawa.

Jumatatu, 17 Machi

Mkono umeanza kujua. Uzito wa uji nauona kwa unavyodondoka kutoka kwenye mwiko, ndimu naisikia kwa mvuke. Mafundi wamezoea bakuli lao. Mzee anayechanganya saruji ameniambia anapenda usio na sukari, hakuwahi kusema kwa sababu hakuwahi kuulizwa.

Muwasho hakuna. Naandika taratibu, nisije nikaushtua.

Nyumba ni kimya mno. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Ninamkosa, mjinga yule.

Ijumaa, 28 Machi

Kliniki. Safi. Sukari imeshuka, haijafika anapotaka, lakini imeshuka. Nesi anasema si uji peke yake, ni vyote kwa pamoja, na nikilegea itarudi. Anasema kuna wanawake wanaofanya yote haya na bado inarudi, hivyo nisijisifu sana wala nisijilaumu ikitokea. Nimempenda kwa kutonidanganya.

Nikamuuliza kuhusu mume anayewashwa. Akasema mwanamume naye hupata, hasa sukari yake ikiwa juu. Aje apimwe. Nimemtumia Baba Faith ujumbe huo kwa simu. Ameusoma. 

Jumatano, 2 Aprili

Baba Faith alikuja jana jioni. Nilikuwa naloweka wimbi. Alisimama mlangoni kama mgeni, nikamwacha asimame.

Akasema wamempima katika kliniki ya kiwandani. Fangasi. Na sukari yake imepita yangu mbali, yake ni ugonjwa kabisa, ameanzishiwa vidonge. Daktari amemwambia pengine anayo kwa muda mrefu. Ile kiu yake, ile kuamka kila mara kwenda chooni. Tulidhani ni joto.

"Sijaenda kwa mwanamke yeyote, Mama Faith. Naapa."

"Hata mimi sikuenda popote. Lakini mimi hukuniamini mpaka daktari, mwanamume mwenzako, akakwambia."

  Nilimwonea huruma na nikamkasirikia papo hapo, sikujua vinaweza kukaa pamoja hivyo. Naogopa. Sukari ilimuua baba yake, ilianza na kidole cha mguu.

Akaomba alale nyumbani. Nikamwambia atalala, lakini kochini. Ulinichafua mbele ya watu, nikamwambia, nisafishe mbele ya watu hao hao. Usinipigie magoti hapa ambapo hakuna anayeona.

Alfajiri ya leo nilimpa viazi vitamu vya kuchemsha, kipande kidogo, na yai na mboga. Alikula bila kuuliza.

Jumapili, 6 Aprili

Makongeni, baada ya misa. Wafula na mkewe walidhani nimekuja kukiri. Walikuwa wamepanga viti.

Baba Faith hakukaa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akasema: "Mimi na mke wangu tulikuwa na fangasi. Yeye hakufanya kosa. Mimi nina ugonjwa wa sukari. Nilimshtaki bure, na nyinyi nikawapa maneno mkamtukana nayo. Namwomba msamaha." Alilitaja neno fangasi wazi, kama anayetaja jina la nati kiwandani. 

Wafula akakohoa. Akasema basi, tumesikia. Akaanza kuongea kuhusu mvua.

Nimemsamehe? Nusu. Nusu nyingine itakuja, ama haitakuja. Ila leo nikiwa nimekaa pale mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Nilitoka kunawa mikono kwenye bomba la nje. Mkewe Wafula akanifuata akijifanya ana vyombo vya kuosha. Akafungua maji kwa nguvu ili yapige kelele. Akaniuliza, bila kunitazama, mtu anajuaje kama ni fangasi. Akasema yake ina miaka. Anajiosha kwa chumvi kila siku, na bwana hajui, yeye humwambia damu ya mwezi imechelewa kuisha.

Nilitaka kumwuliza kama naye hajatulia kwake. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama shingo ilivyoinama juu ya sufuria, nikalimeza.

Nimemwelekeza kliniki ilipo, na siku ambazo nesi huwa zamu.