Aliyeirithi Programu Yako

Kaka Evariste,

Mvua za kwanza tangu tukuzike zimeanza, na ofisi yetu hapa Gisimenti bado inavuja upande wa meza yako. Nimehamia hapo. Siku nyingine nageuka kukuuliza kitu, halafu nakumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya ile programu yako ya kuchapisha majibu ya maabara. Uliiweka kwenye ghala la mtandaoni, lile ambalo watu huweka kazi zao na yeyote huchukua bure. Sikujua sheria yao: programu ikikosa wa kuitunza, mgeni anaweza kuiomba akapewa. Akaiomba mtu. Hatumjui sura wala nchi. Aliniandikia pole nzuri sana, akasema umetuachia urithi na yeye ataulinda. Nililia, Kaka. Nikamshukuru.

Alikaa kimya miezi kadhaa. Kisha akatoa toleo jipya, jina lako likiwa bado juu yake, na waliokuzoea wakalipokea bila kuuliza.

Mama Yvonne wa zahanati ya Rebero, ambako programu hiyo inatumika, akanipigia. Mgonjwa wake mmoja alikuwa amepigiwa simu na mwanaume asiyemjua, aliyemtajia majibu ya kipimo chake, naye hata mumewe alikuwa hajamwambia. "Ile karatasi iko kwangu na kwake tu," Mama Yvonne aliniambia.

Nikaifungua programu, nikaisoma ulivyonifundisha, kuanzia sehemu inayoisakinisha, kwa sababu ulikuwa ukisema mwizi hapitii sebuleni. Katikati ya mistari yako, ambayo naitambua kama sauti yako, mmoja haukuwa wako. Mstari huo ulikuwa ukituma kwenye anwani ngeni kila kilichochapishwa. Nikaliripoti ghalani papo hapo.

Wasimamizi wa ghala ni watu wa kujitolea, wana kazi zao. Waliposoma ujumbe wangu waliiondoa. Mimi na Mama Yvonne tukasafisha kompyuta zake, tukabadilisha maneno ya siri, naye akawaita wagonjwa mmoja mmoja kuwaeleza ukweli. Yule dada aliyepigiwa simu hakuja. Majirani wanasema ameondoka kwa mumewe, na simu yake haipatikani.

Nimeomba programu zako zilizobaki. Nimepewa zote isipokuwa ile ya ratiba ya chanjo. Hiyo imechukuliwa tayari, na mtu mwenye jina jipya. Hajagusa kitu bado. Wasimamizi wanasema hawawezi kumnyang'anya mtu ambaye hajakosa. Nimewapigia wote ninaojua wanaitumia, nikawasihi waiache. Wengine wameiacha. Wengine wananiuliza, mbona inafanya kazi vizuri?

Pumzika, Kaka yangu. Ulifanya kazi kwa mikono safi, na nitamwambia hivyo kila atakayeuliza. Nakuahidi ile ya chanjo nitaisoma kila asubuhi, mstari kwa mstari, hadi siku yule mgeni atakapoigusa.

Mwanafunzi wako,
Diane