Painti ya Maziwa

Kinoo, Machi 1974

Mama mpendwa,

Na ile painti ya maziwa katika mandazi uliyonifunza ndiyo iliyonitesa! Jagi langu jipya limechorwa alama za lita tu, si painti, nikakadiria nusu lita. Mandazi yakatoka magumu. Zedekiah wangu akacheka, "Mpenzi, haya ni ya kula au ya kujengea?" Akayamaliza yote, Mama. Ona mume niliyepata!

Lakini mama yake alikuwa aje Jumapili, nikaogopa aibu. Nikaazima kwa jirani Wanjira chupa ya painti, nikaijaza maji na kuyamimina kwenye jagi. Yakapita nusu lita kwa vijiko vikubwa vinne!

Jumapili mama mkwe alikula mandazi matatu, la nne akalifunga kwenye leso yake.

Tutakuja kabla mwezi haujaisha, nikupikie wewe pia.

Bintiyo mwenye raha,
Naliaka