Kura Zote Zilimwendea Zuhura

Alhamisi, jioni. Mawingu yametanda juu ya Kariakoo tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha. Joto la kufukuta. Nimeoga mara mbili na bado najihisi mchafu, ila hilo si kosa la joto.

Naona aibu. Naandika hivyo mapema ili nisije nikazunguka.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita katika shule ya msingi ya hapa mjini, ambako spika za wauza nguo zinaingia madirishani kiasi kwamba ukitaka kusikika lazima upaze sauti au ukubali yaishe. Nafundisha Uraia na Maadili. Walimu wenzangu wananijua kwa jambo moja: majadiliano ya vikundi. Tangu niliporudi kutoka semina ya mbinu shirikishi, haipiti wiki bila kugeuza madawati, watoto wakaangaliana, nikaandika swali ubaoni na kuwaachia wenyewe. Kila kikundi kina kiongozi, katibu na msemaji. Msemaji anachaguliwa kwa kura, maana nilisema demokrasia haifundishwi kwa mdomo. Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia hata kwenye kikao cha wazazi, wakanipigia makofi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nayapenda majadiliano kwa sababu darasa linalojadiliana halinihitaji.

Nauza vitenge kwa simu. Binamu yangu Mage ana duka hapa hapa Kariakoo; mzigo mpya ukiingia ananitumia picha, nami nazisambaza kwa wateja wangu. Watoto wakiwa kwenye vikundi, mimi niko mezani, simu imelala juu ya kitabu cha kiada, najibu "ipo dada", "hiyo imeisha, imebaki ya bluu". Anayepita dirishani anamwona mwalimu ameinama, anadhani naandika tathmini. Mwalimu Mrisho, mwalimu wetu wa taaluma, alipita akadhani hivyo hivyo. Ndiyo maana ameniomba wiki ijayo niwaonyeshe wenzangu namna ya kuendesha vikundi.

Kikundi cha nne kilikuwa fahari yangu. Wengine wananong'ona, hao wanacheka. Nikisikia kicheko nanyanyua uso, nacheka nao, nasema, "Hapo sawa kikundi cha nne, huo ndio mjadala!" Kisha narudi kwenye vitenge.

Msemaji wao ni Zuhura, msichana mwenye kigugumizi. Kila wiki anachaguliwa yeye, tena kwa kura zote. Nami nilijisifu moyoni: tazama, vikundi vimemwinua mtoto ambaye zamani hakufungua mdomo. Nilipanga hata kumtolea mfano mbele ya walimu. Mungu anisamehe.

Leo simu iliishiwa chaji katikati ya kipindi na umeme ulikuwa umekatika. Sikuwa na la kufanya ila kuliangalia darasa langu mwenyewe.

Swali lilihusu kazi za serikali ya mtaa. Zuhura alisimama na karatasi yake, akaanza vizuri. Alipofika kwenye neno mwenyekiti wa mtaa akakwama. Shingo ikakaza, macho akayafumba. Hapo ndipo nilipoona, chini ya madawati ya kikundi cha nne, vidole vinakunjuliwa kimoja kimoja. Doreen, kiongozi wao, alikuwa anachezesha midomo bila sauti. Alikuwa anahesabu. Wa dawati la nyuma nao walikuwa wanahesabu. Neno lilipotoka hatimaye, mmoja alikunja ngumi kwa furaha, na pakiti ya ubuyu ikapita chini kwa chini kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Walikuwa wanawekeana dau. Anayekisia vizuri Zuhura atakwama kwa muda gani, huyo anakula ubuyu.

Nilimwambia Zuhura akae. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, nani anamchagua huyu kila wiki? Doreen akasimama, hana hata wasiwasi.

"Sisi wote, Madam. Si ulisema tuchague kidemokrasia? Huwa tunapiga kura."

Darasa likaangua kicheko. Zuhura naye akacheka kidogo, kama mtu anayelipa nauli ili asishushwe njiani.

Nilishikwa na hasira, nikaiendea fimbo iliyokuwa juu ya kabati. Niliishika, kisha nikairudisha pale pale. Ningemchapa nani? Walifuata utaratibu wangu neno kwa neno, na kila walipocheka mwalimu wao aliwapongeza.

Wakati wa mapumziko nilimsimulia Mwalimu Mrisho. Alitikisa kichwa tu. "Watoto hao, Madam. Wachape mmoja mmoja, wataacha. Mbinu yako haina kasoro." Nikamwitikia kwa kichwa. Hilo nalo naliandika hapa, kwamba niliitikia. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza habari za simu.

Kisha nikamwita Zuhura pembeni, kwenye kibaraza cha ofisi. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Nilisubiri neno lake bila kuangalia kitu kingine chochote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Ni-ni-nilidhani unajua, Madam. Wakicheka na wewe unacheka."

Hakunilaumu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Afadhali angenitukana. Kumbe mtoto huyu alikuwa anasimama mbele ya darasa akiamini mchezo ule ni wetu sote, mwalimu akiwemo, na bado alisimama kila alipochaguliwa kwa sababu mimi ndiye niliyesema aliyechaguliwa asikatae.

Nikamwambia samahani, mwanangu. Akajibu "haina shida, Madam", vile watoto wanavyowajibu wakubwa ili waruhusiwe kuondoka. Baada ya mapumziko dawati lake lilikuwa tupu na begi halipo. Wenzake walisema ameenda kwao, anaumwa tumbo.

Kwao ni Jangwani, si mbali. Baada ya kazi nilitoka nikiwa na nia ya kumfuata. Nikafika njiani, nikageuka. Nilijiambia mvua itanyesha, na Jangwani mvua ikinyesha hupiti kwa mafuriko. Lakini mvua haikunyesha. Niliogopa kukaa mbele ya mama yake na kuulizwa, "Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwepo. Hilo ndilo jibu, na ndilo linaloniumiza.

Bado naamini watoto hujifunza wakijadiliana. Nimewahi kuona mtoto akimwelewesha mwenzake jambo ambalo mimi lilinishinda kutwa nzima. Lakini kikundi kinataka mtu mzima anayepita kati ya madawati na kuinama asikie kinachochekwa. Mimi niliwapa swali na kura, nikaenda zangu dukani bila kunyanyuka kwenye kiti. Njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia kwenye pakiti ya ubuyu.

Mage ametuma picha za mzigo mpya. Sijazifungua.

Kesho, kabla ya kengele, nitamweleza Mwalimu Mrisho kila kitu, pamoja na simu, na kwamba wiki ijayo sina la kuwaonyesha wenzangu. Kisha nitaingia darasani na kumwomba Zuhura radhi mbele ya wote, maana nilimcheka mbele ya wote. Wakitaka kunicheka na mimi, wanicheke. Baada ya hapo nitamuuliza yeye mwenyewe, kama hataki kuwa msemaji asiwe, na kama anataka, nitasimama karibu na kikundi chake mpaka amalize.

Kipindi cha kwanza ni changu, kwa hiyo nitaanza kwa kuita majina. Lake ni la mwisho. Nikilifikia nitanyamaza nisubiri aitikie, hata akikwama dakika nzima.

Ila je, atakuwepo?