Kujisafisha na Kusafishwa

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja tena na mdomo wake. Nimetoka kazini hoi, nimepiga pasi mashati thelathini, namkuta kakaa kitandani kwangu – kitandani! – kaziba pua. Eti nisikasirike, yeye ni kama dada yangu, lakini nina harufu, ndiyo maana kaka yake hakai ndani. Hakai ndani kwa sababu wewe hutoki!

Hayo ya moyoni. Nikapokea chupa yake. Ya sita hii. Siki na marashi ya waridi, ina mrija, unajipulizia huko ndani kama unasuuza chupa ya maziwa. Kabandika plasta, kaandika kwa mkono wake: asubuhi na jioni, usiruke siku. Miaka miwili ya ndoa, mimba hakuna. Mama mkwe ananitazama tumbo kila mwezi kama anayengoja chungu kichemke.

Jumatano, 5 Machi

Inawasha! Nimejiosha alfajiri, saa sita mchana shombo imerudi, tena imezidi. Wifi eti uchafu ndio unatoka, nikazane. Nakazana. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Nesi mkali kama pilipili. Kauliza kama najisafisha kwa ndani. Nikajibu kwa maringo: kila siku, mara mbili! Nilidhani atanisifu. Kaweka kalamu chini, kauliza nani kanituma. Nikamchukia papo hapo.

Kasema huko ndani kunajisafisha kwenyewe, kuna vijidudu walinzi. Mimi nawafukuza walinzi asubuhi, wezi wanaingia mchana. Hiyo shombo si uchafu, ni ugonjwa, na siki yangu ndiyo inaulea. Nioshe nje tu, kwa maji matupu, basi. Nikauliza habari ya mtoto. Hakuniahidi wala hakunikatisha tamaa. Maambukizi yakipanda juu yanaweza kuharibu mirija ya uzazi. Nimeze dawa kwanza, halafu tupimwe, mimi na mume wangu.

Nimelia njia nzima. Kwa hasira, si kwa huzuni. Mimi ndiye ninayewaambia wateja: ukilisugua doa kila siku, shati litatoboka!

Kwenye kadi kaandika: Amekuwa akijisafisha. Aache.

Jumapili, 9 Machi

Mkoba wangu umepekuliwa. Kadi ipo, lakini imekunjwa vingine. Jioni nimemwamkia mama mkwe shikamoo. Hakuitikia. Nimerudia. Kanipa mgongo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimejua! Jirani yetu, fundi cherehani, kaniita pembeni: eti ni kweli nilisafishwa?

Kusafishwa! Yaani nilitoa mimba, kisha nikasafishwa kizazi. Wifi kasoma kadi mbio mbio, "akijisafisha" kaigeuza "alisafishwa". Au kafanya makusudi, hashindwi hata kidogo. Ka-"ji" kadogo kameanguka njiani, mimi nimekuwa muuaji wa mjukuu. Mimi! Ninayelia chooni kila mwezi nikiona damu! Shenzi kabisa. Nataka kuzing'oa zile kope zake za bandia moja moja.

Mume wangu kalala kageukia ukutani. Hajauliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alhamisi, 13 Machi

Muwasho umepungua. Shombo haipo. Siku sita bila chupa. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Kikao sebuleni. Kinanihusu mimi, lakini sijaitwa. Nimejifungia chumbani, naandika. Mama mkwe anataka nirudishwe kwetu leo leo. Wifi analia kwa sauti, eti anamhurumia kaka yake. Machozi ya mamba!

Mume wangu kaja mlangoni. Hagongi. Anauliza kwa sauti ya chini, nimwambie ukweli tu: nani alinisafisha?

Nimefungua kidogo. Nimempa kadi. Juu yake nimempa na chupa.

"Dada yako," nimemwambia.

Kasimama palepale, mlango uko wazi, sebuleni wanamwona, nami naendelea kuandika. Anasoma kadi. Kidole kinapita juu ya lile neno, kinarudi, kinapita tena. Sasa anageuza chupa. Kafika kwenye plasta. Mwandiko huo anaujua tangu utotoni.

Sebuleni kilio kimekatika ghafla. Wifi anauliza viatu vyake viko wapi, eti kachelewa mahali –