Adriaan Wawili na Ukuta wa Makaburi

Soetwater, 26 Machi 2019

Kaka yangu Attie,

Natumaini u mzima, na wifi Dorie kifua kimepoa. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haumsumbui. Jana kaniambia supu yangu inafaa kuoshea miguu.

Barua nampa Sollie wa lori la mapeasi, maana simu ya jikoni kila mtu anaisikia. Kaka, naogopa.

Unakumbuka Januari Bwana Adriaan alivyokuita mezani mkapangusa ndani ya mashavu kwa pamba ya kipimo cha DNA? Alicheka, "Njoo, Attie! Tuone kama yule mzee aliyeshuka melini alikuwa mtundu." Majibu yamefika, bahasha mbili. Mkewe, Bi Elsabé, akanipa moja: "Hii ya kaka yako." Nikafungua kama ulivyoniruhusu. Imeandikwa kwamba Adriaan Roelvink hana undugu wa upande wa kiume na mlowezi Adriaan Roelvink. Nikashusha pumzi. Basi maneno ya Baba, kwamba tumetoka kwa mzee yule na mtumwa wake Rosetta, yalikuwa hadithi tu.

Kisha nikaona mwaka wa kuzaliwa: 1958. Wewe ni wa 1964.

Ni ya Bwana Adriaan, Attie. Wao humpa mtoto wa kwanza jina la babu, na sisi vilevile, ndiyo maana shamba moja lina Adriaan Roelvink wawili, yeye na wewe, ingawa wewe tunakuita Attie. Bahasha yako iko mezani kwake, bado imefungwa. Anataka kuzisoma Jumamosi ya Pasaka, ukoo wao wote ukiwa umekusanyika. Akiaibika mbele ya watu mia mbili, Mama atalala wapi? Nyumba tunayokaa ni ya Bwana.

Dada yako,
Trien

Paarl, 2 Aprili 2019

Mdogo wangu Trien,

Hapa salama, kifua cha Dorie afadhali. Nilicheka mpaka akaja kuniangalia. Kisha nikalia, hilo usimwambie Mama.

Mwache asome! Maisha yangu yote nimeingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni. Baba kazikwa nje ya ukuta wa makaburi ya Roelvink, na mbwa wao wa kuwindia kazikwa ndani. Nakuja Pasaka na suti ya kanisani. Usiguse kitu.

Kaka yako,
Attie

Soetwater, 11 Aprili 2019

Kaka,

Mungu akulinde, na unisamehe kabla hujaendelea. Nimempa bahasha yake.

Niliomba siku tatu. Nilishindwa kumpikia mtu kahawa huku nimeificha aibu yake mfukoni mwa aproni. Aliisoma amesimama, biskuti ikamomonyokea kikombeni. Akafungua na ya kwako. Wewe ndiye wa damu ya mzee, Attie, Baba hakudanganya. Akauliza, "Nani mwingine ameona?" Nikamwambia, "Mungu na Attie." Akasema, "Toka, Trien."

Tangu hapo hanisemeshi. Mkusanyiko umevunjwa, Bi Elsabé anawaambia watu mumewe anaumwa. Jana kaja mtu na futi kamba. Kaanzia mlangoni kwetu, kazunguka nyumba hadi kaburi la Baba, akapigilia vigingi. Nilipomuuliza kasema, "Muulize bosi wako." Mama anauliza vigingi vya nini, namwambia vya mabomba. Nimemdanganya Mama, kwaresima hii! Nguo zake nimezipanga sandukuni asione.

Trien, dada yako

Paarl, 15 Aprili 2019

Trien,

Salamu ni zilezile. Ulichofanya sikukipenda, na leo sitasema zaidi. Chumba cha nyuma tumekisafisha. Sollie atakuja na lori tarehe 27, mpandishe Mama mbele.

Kaka yako

Soetwater, 25 Aprili 2019

Kaka yangu,

Bwana amefufuka. Mwambie Sollie asije kwanza.

Ijumaa Kuu, baada ya ibada, Bwana Adriaan alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi. Mama akamwambia, "Ingia, usisimame kama mkusanya sadaka." Akasema, "Mama Siena." Miaka yote amemwita Siena tu! Hakuketi mpaka Mama alipomsogezea kiti, Attie. Sikujua mtu kama yule huogopa.

Akasema, "Mama mkwe wako ndiye mkunga aliyempokea baba yangu. Aliwahi kusema chochote?"

Mama akamaliza kahawa yake yote. "Alisema. Ila kwanza niambie vile vigingi ni vya nini, maana huyu binti yangu hajui kudanganya."

"Ni vya ukuta," akasema. "Nataka ukuta umzunguke mumeo, na hapo mlangoni kwenu liwekwe geti la kuingilia makaburini. Yeye ndiye Roelvink. Mimi sijui ni nani."

Mama akanituma kuni, na kuni zilikuwa zimejaa. Kupitia dirishani nikamwona ameinamisha paji la uso mezani, Mama amemwekea mkono kichwani. Alipoondoka nikauliza ni nani basi babu yake. Mama akasema, "Nimemwambia mwenyewe. Wewe angalia sufuria."

Leo asubuhi wameanza kuubomoa ukuta upande wa Baba. Mama amekaa nje kwenye kiti, anawaelekeza mafundi, na hawamwelewi.

Mimi bado naogopa, Kaka. Bi Elsabé hajaambiwa, na mtu aliyeona haya hubadilika. Nguo za Mama nimezirudisha kabatini. Koti lake la baridi nimeliacha kwanza sandukuni.

Dada yako,
Trien