Toleo la Nabintu

Jumapili, Bukavu

Bado nina hasira, na nimechoka. Leo tulipeleka toleo la shukrani kanisani kwa kuwa mke wangu, Nabintu, amepona baada ya operesheni. Watu walicheza hadi altareni na ndizi, mihogo, hata mbuzi. Mimi nilibeba jogoo. Yeye alikwenda mikono mitupu.

“Maman, toleo yako iko wapi?” katekista akamuuliza.

“Ni miye, Papa. Mungu amenirudisha muzima, nimupe kuku?”

Kanisa zima lilicheka, na jogoo akapiga kelele kwapani mwangu.

Miaka yote nabishana na mapadri juu ya kujitoa kwa Mungu. Yeye amejitoa tu, na hilo ndilo linalonikasirisha. Mimi naogopa: nikijitoa mzima, nani atabaki kubishana?

Bwana, nichukue pamoja na ulimi huu mkali. Sina nguvu za kuusafisha kwanza.